Jiko Moja Barranco

Mara ya kwanza Aikande Nkya wa Machame kupanda Kilimanjaro, alikuwa amebeba viti vya wageni kichwani. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mjane mwenye watoto wawili, na wanaume wa msafara ule walibishana kama angefika kambi ya pili. Alifika wa tatu. Miaka minne baadaye alikuwa ndani ya hema la jikoni akimenya viazi, na mwaka wa saba wakamkabidhi jiko lenyewe. Mimi nilimbebea mtungi wa gesi misimu sita, kwa hiyo ninayoyasema niliyaona.

Wageni walimpenda kwa supu. Kule juu tumbo linakataa chakula, na asiyekula hafiki kileleni. Aikande alijua kumbembeleza mgeni kwa mtori mwepesi wa ndizi wenye tangawizi mpaka bakuli likaisha. Sisi wagumu, ndivyo wapagazi tunavyoitana, tulimpenda kwa ugali. Maji ya kule yanatokota kabla hayajapata moto wa kutosha, na ugali wa mpishi mvivu hutoka mbichi. Yeye aliusonga mpaka jasho likamtoka kwenye baridi ile, akaufunika, akausonga tena.

Safari ninayoisimulia ilikuwa ya siku saba, njia ya Machame, wageni wanane na sisi ishirini na sita. Kiongozi alikuwa Kundaeli, mtu wa Marangu, hodari wa mlima, hilo simnyimi. Alikuja na wapagazi wawili pungufu, na mizigo ilipopimwa kwenye geti la hifadhi ikazidi. Akaamuru viroba viwili vya unga wetu na mfuko wa maharage virudishwe kwenye gari. Aikande alikuwa ameshatangulia kwenda kuandaa chakula cha mchana njiani. Siku mbili za mwanzo, kila alipouliza viroba viko wapi, Kundaeli alimwambia viko kwa walio nyuma.

Jioni ya tatu, kambi ya Barranco, walio nyuma wakafika wote, na viroba havikuwepo. Mgumu mmoja, Ndesario, ndiye aliyemwambia ukweli. Aikande akapima unga uliobaki kwa kikombe. Ulitosha usiku ule na asubuhi moja, na mbele yetu kulikuwa na ukuta wa mawe, kambi za Karanga na Barafu, kilele, kisha njia yote ya kushuka.

Akamwita Kundaeli jikoni. Kundaeli alisema siku nne si nyingi, wagumu wapewe uji asubuhi na chai jioni, wameshazoea. Chakula cha wageni kisiguswe.

"Kuanzia leo jiko ni moja," Aikande akasema. "Wali, viazi, tambi, kila kilichopo kinagawanywa kwa vichwa."

"Mama, wewe umeajiriwa kupikia wageni."

"Nimeajiriwa kupika. Anayekula ni mwenye njaa."

Kundaeli akacheka, akatugeukia sisi tuliosimama mlangoni. "Mnaona? Ndiyo maana watu wanaogopa kuoa Machame, wanawake wa huko wanataka kutawala."

"Na anayeolewa kwenu Marangu ndiye akose ugali?" Aikande akamjibu bila kuinua sauti. Akachukua mwiko, akamnyooshea. "Haya, Mangi, chifu wetu. Pika wewe. Kisha uwagawie mwenyewe uji wako, mmoja mmoja, ukiwaangalia usoni."

Kundaeli hakuupokea. Akamgeukia Terewaeli, msaidizi wa jikoni, akamwamuru ashike jiko. Terewaeli akaweka kisu chini, akasema mgongo unamuuma.

"Ukishuka, hupandi tena na mimi," Kundaeli akasema.

"Nitashuka wakiwa wameshiba."

Usiku ule wageni walipata supu na sahani moja ya viazi, badala ya vyakula vitatu walivyozoea. Mzee mmoja akalalamika kwamba haikuwa hivyo kwenye karatasi aliyopewa. Aikande hakumtuma mtu. Aliingia mwenyewe kwenye hema la kulia, aproni ikiwa imelowa, akawaeleza kwa maneno machache anayoyajua ya lugha yao kwamba chakula cha wanaowabebea mizigo kilibaki getini. Kundaeli alikuwa amesimama palepale. Mwanamke mmoja aliyeitwa Margit akaomba ugali ili viazi vyake viende kwa wengine. Alimeza matonge mawili, la tatu likamshinda, akaomba radhi. Yule mzee alimaliza sahani yake.

Tulikula hivyo hadi mwisho. Hatukushiba kama alivyoahidi, nisidanganye. Barafu nilipata wali wa viganja viwili, na maji, kwa kuwa pale hakuna, tuliyabeba kutoka Karanga. Lakini hakuna mgumu aliyeanguka na mzigo, na wageni saba kati ya wanane walisimama kileleni. Wa nane ni yule mzee, naye alirudishwa njiani kwa shida ya mapafu.

Aliposhuka, mzee huyo akaandika barua ya malalamiko. Kampuni ya utalii iliyotuajiri ikamsikiliza yeye na Kundaeli, ikamwondoa Aikande kazini. Walimtaka asaini kwamba alikosa nidhamu, labda wangemrudisha msimu ujao. Akawarudishia karatasi bila sahihi, akaenda kuuza mtori na chapati barabara ya Machame. Nilimkuta pale nikamuuliza kama anajuta. Akaniuliza kama nimekuja kula au kumpa pole, maana pole hana pa kuiweka.

Alikaa pale miezi tisa. Huku nyuma kila kampuni ile ilipotupigia simu, tuliuliza swali moja tu: nani anapika? Wengine walikwenda, wana watoto, siwalaumu. Kumi na mmoja hatukwenda. Hatimaye kampuni nyingine ya misafara ikamchukua Aikande, nasi tukamfuata. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba wapagazi wahudumiwe kwanza, kabla trei ya wageni haijatoka. Wakubwa walimwambia haijawahi kufanyika.

"Basi mtaiona," akawaambia, akaanza kuosha sufuria.