Behewa la Kushukia

Jumatatu, katika duka la simu karibu na kivuko cha mpaka cha Grande Barrière, mama muuza vitenge alikuwa akizungumza na mwanawe aliyeko Brussels. Kando yake alisimama shemeji yake mzee, ambaye angesafiri hadi Brussels, kisha kwa treni kwenda Paris kumposea kijana huyo mke.

“Treni ya mbio, halafu umukatie daraja ya pili?” mama alifoka. “Wakwe watamungoja pale gare! Wakiona musemaji wetu anashuka nyuma, watatupa bibi kweli?”

Akasikiliza, kisha akatugeukia sisi wa foleni. “Eti tiketi ya bei nafuu haibadilishwi. Eti bei ya daraja ya kwanza ni mara mbili.”

Mzee aliomba simu. “Mutoto yangu, mutu anaweza kupita ndani, behewa kwa behewa?” Akaitikia kwa kichwa taratibu. “Bon. Nitakaa mu ya pili. Tukikaribia, nitatembea, nishukie mu ya kwanza.”

Mama alicheka, akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

Wasemaji wetu wanaotoka kijijini Nyakiriba huja kwa basi, kisha hupanda gari la kuazimwa kwenye kona ya mwisho kabla ya kwa wakwe. Sikujua kwamba Ulaya wameunda treni inayoifaa mila hiyo.