Kapu la Matobolwa

Enzi za ruksa zilipofika Bariadi, maduka yalijaa vitu mpaka nje ya milango. Biskuti za makopo, maziwa ya unga, juisi za pakiti za kukoroga na maji, mitumba ikimwagwa kwenye turubai siku za mnada. Pamba nayo ikaanza kununuliwa na yeyote mwenye mzani na lori. Sisi walimu tuliviangalia tu vitu hivyo, maana mshahara ulikuja ulipojisikia kuja. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mngoni wa Songea niliyeoa Msukuma wa Nyalikungu kule Maswa, na hasira zangu zilikuwa karibu sana, hazihitaji kuitwa mara mbili.

Kwa hiyo ule mpango wa kapu niliupenda tangu mwanzo. Akina mama wa upande wa Migato, waliokuwa wamechoka kungoja fedha za pamba, walilima bustani ya pamoja kando ya mto. Mto wenyewe ni wa mchanga. Ukikauka unachimba kisima katikati yake na kuteka maji ya kumwagilia. Sisi wa mjini tuliojiunga tuliwapa mwanzoni mwa msimu walichohitaji, mbegu, ndoo, sabuni na chumvi, nao wakatuletea kila Jumamosi kapu la chochote kilichokuwepo shambani. Huchagui. Ukiletewa mgagani mwezi mzima, unakula mgagani na unanyamaza.

Mama aliyetuletea sisi alikuwa mtu mzima, mrefu, mcheshi, na alipojua mimi ni Mngoni ikawa utani mtindo mmoja, maana Wangoni na Wasukuma ni watani. Hakuniita mwalimu hata siku moja, ila mtani. Aliacha kapu lililojaa, akachukua la wiki iliyopita, nami sikulirudisha tupu, kwa sababu mke wangu alishanionya kwamba kwao hilo ni jambo la aibu. Basi nilitia chumvi kidogo, au kiberiti, au kipande cha sabuni. Nilimbeba binti yetu akakidondosha mwenyewe ndani ya kapu, naye alikuwa anaipenda sana kazi hiyo.

Mwaka huo mke wangu, ambaye naye alikuwa mwalimu, akapata nafasi chuoni ya kupanda daraja. Alikuwa ameingoja miaka. Ukiiacha katikati, hairudi tena. Mtoto alikuwa ameachishwa ziwa juzijuzi, lakini nilimwambia mke wangu aende, mimi nitalea. Nilisema hivyo nikiwa nimetoa kifua kabisa. Hata wiki haikuisha, mtoto akagoma kula.

Akagoma kweli. Ugali alitema, uji alitema, ndizi aliikamua kwa vidole akanipaka shati. Niliimba, nikacheza ngoma, nikamkaripia, kisha nikamwomba radhi. Kliniki nesi akachora mstari kwenye kadi, mstari ukateremka. Safari iliyofuata ukateremka tena. Akaniambia kwa upole kwamba ukishuka mara nyingine, nimwite mama yake arudi. Nilitoka pale na mtoto begani, mwepesi hata nikaogopa. Nilijua mke wangu angeacha chuo siku hiyohiyo bila kunilaumu, na angebaki na daraja lake lilelile mpaka kustaafu.

Nikazunguka madukani. Nilinunua biskuti, nikanunua maziwa ya unga yenye picha ya mtoto mnene anayecheka. Wa kwangu hakucheka. Alizitema biskuti mojamoja, akaniangalia kana kwamba ni mimi niliyezioka.

Ndipo Jumamosi likaja kapu lisilo na jani bichi. Ndani yake mlikuwa na vipande vyeusivyeusi, vigumu, na fungu la majani makavu yaliyojikunja. Nililipuka. Nilimwambia yule mama kwamba huu ni wizi wa mchana, kwamba nimejiunga kwa ajili ya mboga na yeye ananiletea kuni na takataka za kufagia, kwamba nina mtoto anakufa njaa ndani. Alicheka mpaka akajishika mbavu. Akasema leo mimi mtani wake nimeamka vizuri, na kwamba Wangoni tumezoea vitu vya kumeza tu, meno yetu ni ya maonyesho. Kisha akachukua kapu lake la zamani akaenda zake. Mimi nilikuwa nimekasirika kweli, jamani, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi.

Nikaingia uani kuanika nguo kwa nguvu zisizohitajika. Niliporudi, nyumba ilikuwa kimya. Mtoto alikuwa ameketi ndani ya kapu, mashavu yamejaa, mate ya kahawia yanamtiririka mpaka tumboni, ananyonya kimoja cha vile vipande. Akakimaliza. Akachukua kingine. Nilikaa sakafuni nikalia, na sioni haya kulisema.

Jirani yangu, mke wa fundi baiskeli, aliyekaa na mtoto nikiwa shuleni, ndiye aliyenieleza. Hayo ni matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani mpaka vikakauka. Majani ni nsansa, majani ya kunde ya msimu uliopita yaliyokaushwa. Akanionyesha kuchemsha matobolwa tena na maziwa na kuyaponda, na nsansa kuipika na karanga zilizotwangwa. Mtoto alikula vyote viwili na kulamba mwiko. Kliniki mstari ukageuka, ukaanza kupanda. Nesi akaniuliza nampa nini. Nikamwambia kuni.

Mvua mwaka huo zilichelewa. Kapu liliendelea kuja, siku nyingine limejaa, siku nyingine nusu, lakini lilikuja, na daima ndani yake matobolwa. Sikuuliza. Nilishukuru tu na kutukanana na mtani wangu mlangoni kama desturi.

Mke wangu alirudi Ijumaa jioni, chuo amemaliza, amefaulu. Binti yetu alijificha nyuma ya mguu wangu, hakumjua. Mke wangu alijikaza akasema atazoea, lakini nilimwona akifuta macho jikoni. Kesho yake mama wa kapu akaja. Mke wangu akatazama ndani, akainua tobolwa moja, akalirudisha taratibu. Wakaanza kuongea Kisukuma, muda mrefu, kwa sauti ya chini, na uso wa mke wangu ukabadilika.

Akanigeukia akaniambia. Bustani ilikufa tangu visima vya mtoni vilipokauka, siku zilezile nilipopiga kelele za kuni. Tangu hapo hapakuwa na shamba la kutuletea chochote. Familia nyingine zilielezwa zingoje msimu mpya. Sisi hatukuelezwa, kwa sababu jirani alikuwa amewaambia mtoto hali kitu kingine. Akina mama wale walikuwa wakipokezana kufungua vihenge vyao na kutoa akiba ya watoto wao wenyewe, akiba ya miezi hii hii ya njaa, mpaka mahindi mapya.

 Nikamshukuru mama kwa nilichojua cha lugha yao, wabeja mayu, wabeja sana. Akanikazia macho.

"Mtani, leo huna matusi? Unaumwa?"

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungekataa," akasema. "Halafu huyu angekula nini?"

Alisema hivyo tu, akainama kuchukua kapu la wiki iliyopita. Lilikuwa tupu. Katika hekaheka za kumpokea mke wangu nilikuwa nimesahau kutia chochote. Alikuwa ameshaanza kulipandisha kichwani binti yetu alipomshika kanga na kuivuta. Akalishusha. Mtoto akatoa mdomoni tobolwa alilokuwa akinyonya, limelowa, limebaki nusu, akalitazama, akalidondosha ndani ya kapu.

Mke wangu akanyoosha mkono alitoe. Mama akamzuia. Akafunika kapu kwa ncha ya kanga, akajitwisha, akaenda kupanda gari la Migato.