Mawe Machafu ya Tangi la Chini

Kila nilipotoka Mbarara kwenda kumwona mama katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hata kabla sijaketi, aliniuliza, "Bale basamaki bangali bazima?"

Nilifanya kazi ya usafi katika nyumba ya wageni upande wa Nyamitanga. Mapokezini palikuwa na tangi la kioo lenye mchanga, mawe makubwa na samaki wadogo wa njano, wa Ziwa Tanganyika. Siku ya kwanza kuwaona niliacha ndoo katikati ya ukumbi nikasimama kama mjinga. Ndio hao waliokuwa wakija kudonoa makombo ya bugali mama alipoosha masufuria ziwani, kwetu Kivu Kusini, kabla hatujakimbia. Nilipomsimulia, mama aliacha kuchambua maharage. Akasema akimaliza kuvuna mihogo atakuja kuwaona. Tangu tuingie Uganda hakuwahi kuniomba kitu kingine.

Ndani ya kabati, chini ya tangi la samaki, kulikuwa na tangi la pili, la kusafishia maji. Maji yalishuka humo, yakapita katikati ya vipande vya matofali na mawe meusi ya volkano kutoka Kisoro, kisha pampu ikayarudisha juu. Mawe hayo yalikuwa na utelezi wa kahawia ulionichefua. Sisi watu wa kambini tulihubiriwa habari za kipindupindu kuliko habari za Nuhu: utelezi ni adui, dumu la maji lisuguliwe kwa mchanga mpaka ling'ae.

Siku moja muuza samaki wa Kampala alileta vitu vipya vya kuweka humo: sponji, mipira ya plastiki yenye matundu, na pete ndogo nyeupe za udongo wa kuchoma. Alinieleza vizuri tu. Vijidudu vinavyokula sumu ya mkojo wa samaki vinaishi katika ule utelezi. Pete zina vitundu vingi zaidi, lakini bado ni nyumba tupu. Ziwekwe pamoja na mawe ya zamani mpaka vijidudu vihamie. Bosi, ambaye hakupenda maneno marefu, aliniambia, "Wewe chagua. Mimi hiyo mambo sijui."

Nikachagua pete, na hapo sikukosea. Lakini mama alikuwa anakuja wiki iliyofuata, nami nilitaka akute kila kitu kinameta. Nikatupa mawe yote, nikasugua tangi la chini kwa mchanga, nikapanga pete zangu kama meno ya bibi harusi. Mimi, mtoto wa mwanamke anayelowesha mihogo mipya katika maji machachu ya mihogo ya jana ili ilainike upesi!

Maji yalibaki maangavu. Baada ya siku chache samaki walipanda juu, wakahema midomo wazi. Nilibadilisha maji, nikakimbilia jalalani kuyatafuta mawe. Yalikuwa yamekauka juani, utelezi na vijidudu vyake vimekufa. Wakafa mmoja mmoja. Wa mwisho nilimtoa asubuhi ambayo mama alikuwa tayari njiani. Wanasema majuto ni mjukuu; wangu amekuja na godoro lake, haondoki.

Mama aliingia na kitenge chake cha kanisani. Alifungua fundo la pembeni, akatoa kibonge cha bugali, akakaa mbele ya kioo.

"Banajificha," alisema. "Hata kwetu, bakiona mutu mugeni, banaingia chini ya mawe."

Akadondosha chembe. Ikazama polepole mpaka kwenye mchanga.

"Mama, balikufa. Bote."

Hakugeuka. "Ngoja kwanza," alisema, akadondosha nyingine.

Tulikaa hivyo mpaka gari la kurudi Nakivale likakaribia kuondoka. Nilitamani anigombeze, anitukane mbele ya bosi ikibidi. Alifunga tu fundo la kitenge chake na kuniuliza kama ninakula vizuri.

Nilipokwenda kumwona tena, tulifuatana hadi bombani kuchota maji. Huko nikamsikia akiwasimulia majirani safari yake ya Mbarara. "Niliona mukia," aliwaambia. "Alikuwa chini ya jiwe. Mukia tu."

Jirani mmoja akanigeukia, akaniuliza kama ni kweli. Mama aliinama kuziba dumu lake.

"Ni kweli," nilisema. "Ulikuwa wa njano."