Meli ya Mtia Mafuta

Meno ya bandia ndiyo yaliyonilisha maisha yangu yote. Nimekaa miaka mingi katika chumba kimoja hapa mtaani Kyebando, nyuma ya duka la simu, nikichonga nta, nikimimina plastiki ya ufizi na kusugua magego ya watu ambao wengi wao sijawahi kuwaona sura. Daktari ananiletea chapa ya mdomo, mimi namrudishia meno. Kwa hiyo nilipoamua kutengeneza meli ndogo, sikuhitaji kutafuta vifaa. Nilikuwa na misumeno myembamba, tupa za kila umbo, vikoleo, drili inayolia kama mbu, na kiburi. Kiburi ndicho kilichokuwa kingi kuliko vyote.

Meli yenyewe ni ile aliyoifanyia kazi baba yangu. Ilivusha mabehewa ya treni ziwani, kutoka Port Bell hadi Kisumu na Mwanza, na baba alikuwa mtia mafuta katika chumba cha injini. Sisi ni Wanubi. Wazee wake walikuja nchi hii na jeshi, yeye akasema bunduki zimetosha katika ukoo huu, akaenda majini. Nilipokuwa mdogo nilimwonea haya kwa harufu yake. Baba za wenzangu walinukia sabuni. Wangu alinuka mafuta ya injini hata akitoka msikitini. Mama, aliyekuwa akisuka makawa ya rangi ya kufunikia chakula, alimkataza kugusa nyuzi zake kabla hajanawa mara mbili. Baba akikosa kitambaa alijipangusa mikono kwenye shati langu huku akicheka, nami nililia mpaka nipewe shati jingine.

Miaka miwili iliyopita daktari wa macho alituambia kwamba presha ya macho imeshalimaliza jicho la kushoto la baba, na la kulia linafuata. Baba akanyamaza. Yule mzee aliyeweza kumaliza birika la chai akisimulia safari moja tu, sasa alikaa barazani akijibu salamu na basi. Mama hayupo tena, nyumbani tuko wawili. Nilitaka aione meli yake kabla giza halijamfikia, na zaidi ya hapo nilitaka kumsikia tena akizungumza. Niliyataka mambo hayo kwa pupa, nikawa mkali kwa kila aliyenikatiza kazi.

Nilikuwa na picha moja tu ya meli hiyo, iliyopigwa na mtu aliyesimama gatini. Niliipima kwa rula, nikazidisha na kugawanya, nikapata meli ya urefu wa mkono wangu kuanzia begani. Mbao za mwili wake zilitoka kwenye kreti za nyanya za soko la Kalerwe. Vyuma vya kushikia kandokando ya sitaha nilivikata kutoka kwenye sindano. Madirisha ya duara yalikuwa vile vijicho vya viatu vinavyopitishwa kamba. Fundi viatu alinipa mkebe mzima baada ya kunicheka vya kutosha. Mnyororo wa nanga ulikuwa mkufu uliokatika. Boti za kuokolea watu nilizichonga kwa nta, kisha nikazimimina kwa plastiki ileile ya ufizi, kwa hiyo chini ya rangi nyeupe boti zote nne zina rangi ya fizi za mtu mwenye afya njema.

Jirani yangu, mama Mkongo anayeshona nguo mlangoni pangu, alisimamisha cherehani siku moja akachungulia.

"Papa, ile ni meno ya nani iko kubwa vile?"

Nilimjibu vibaya. Namshukuru kwamba hakununa. Kesho yake aliniletea uzi mweusi uliopakwa nta, ukawa kamba za mlingoti.

Baada ya miezi saba meli ilikuwa tayari. Nilifunga sitaha kwa gundi, nikapaka rangi tabaka tatu, nikaipeleka nyumbani asubuhi, jua likiwa zuri. Jicho la kulia la baba lilikuwa bado linaona kidogo upande wa kati. Aliisogeza meli karibu na uso, akaizungusha polepole. Nilisimama pale nikisubiri kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule.

"Muzuri," akasema. "Muzuri sana."

Aliisifu kama mgeni anayesifu chakula ambacho hataomba kuongezewa. Kisha akapitisha kidole kwenye sitaha, mbele mpaka nyuma, akitafuta kitu.

"Lakini mimi iko wapi?"

"Baba?"

"Hii ni meli ya watu ya juu. Mimi nilikaa chini. Chini iko wapi?"

Hakukuwa na chini. Ndani ya mwili wa meli nilikuwa nimejaza vipande vya maboksi ili mbao zisibonyee. Niliona joto la aibu likinipanda mpaka masikioni. Mimi, mtu wa meno! Kila siku nawaambia vijana wa fani hii kwamba jino halihukumiwi na kioo, linahukumiwa na ulimi. Mteja atalisifu mbele ya watu, kisha atalitia mfukoni kwa sababu kwa ndani linamkwaruza. Nami nilimtengenezea baba meli ya kutazamwa na mtu aliyesimama gatini. Baba hakuwahi kusimama gatini kuitazama. Alikuwa ndani, chini ya mstari wa maji, miaka yote hiyo.

Nilikasirika siku tatu. Nilimkasirikia yeye kwanza, Mungu anisamehe, kisha nikajikasirikia mwenyewe. Siku ya nne nikachukua msumeno wa meno na kuikata sitaha niliyoipaka rangi tabaka tatu. Baba alikuwa na msemo aliouokota kwa mabaharia wenzake wa pwani: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Utatembea nyuma na mbele ya chombo, mwisho utarudi palepale chini. Nilikuwa nausikia kichwani kila nilipovuta msumeno.

Sasa nikakwama. Chumba cha injini hakikuwa na picha, nacho kilikuwa kichwani mwa mtu mmoja tu. Ikabidi nimuulize.

Mara ya kwanza alijibu kwa maneno matano. Mara ya pili alinyoosha miguu. Mara ya tatu aliomba chai kwanza, nikajua mambo yameanza kunyooka. Injini mbili, akasema, zimelala ubavu kwa ubavu kama mtu na mkewe waliokosana. Vichwa sita kila moja. Bomba la maji huku, la mafuta kule, usiyachanganye. Ngazi ya vidato tisa, na cha tatu kutoka juu kinacheza. Kila mgeni alikipiga teke na kukitukana kwa kumtaja mama yake. Akanieleza jinsi alivyozunguka na kopo lake, beringi moja baada ya nyingine, akizigusa kwa mgongo wa kidole kupima joto lake.

"Kiganja inadanganya," akasema. "Imezoea moto. Mgongo ya kidole ndio inasema kweli."

Alizungumza majira yote ya mvua. Nilikuwa narudi kutoka kazini mapema kuliko kawaida, bila kujifanya nina sababu nyingine. Kosa langu ndilo lililomfungua mdomo. Ningeijua kazi yangu vizuri zaidi, ningemletea meli kamili, angesema muzuri, na habari ingekwisha hapo. Nalishukuru kosa lile kuliko kazi nyingi nilizopatia.

Jicho la kulia lilizimika mvua zilipokuwa zinaisha. Aliniambia kwa sauti ya kawaida, kama anayesema umeme umekatika.

Injini za kwanza nilizitengeneza kwa ufundi wangu wote: mabomba ya waya wa shaba kutoka kwenye mota iliyoungua, valvu za vichwa vya pini. Nilimpa azipapase. Kidole gumba chake kikavunja bomba mara moja.

"Kwa meli ya kweli," akasema, "hii bomba ingeua watu."

Tulicheka mpaka machozi. Lakini nilielewa kwamba nilikuwa bado natengeneza kwa ajili ya macho. Nikaanza upya. Nilitumia waya mnene. Vichwa vya injini nikavikuza mpaka kila kimoja kikalingana na gego, na magurudumu ya valvu pamoja na beringi sita za kila injini nikavitoa kwenye saa mbovu. Vipimo vya rula nikavitupa; kwenye kidole, kama ulimini, kitu kidogo ni kikubwa. Rangi sikupaka, haikuwa na kazi tena. Kidato cha tatu nilikiacha kilegee makusudi, na kukilegeza bila kukidondosha kulinichukua jioni tano.

Ijumaa moja baada ya swala nilimletea. Nilikuwa bado nimevaa shati jeupe la msikitini. Nikaifungua sehemu ya sitaha niliyoikata, nikauongoza mkono wake mpaka mlangoni mwa ngazi, nikauachia.

Kidole kilishuka kidato cha kwanza, cha pili. Cha tatu kikacheza. Baba akatoa sauti ndogo puani, akamtaja mama wa mtu fulani, akaendelea kushuka. Alifika chini. Akageuza kidole, akaanza kugusa beringi kwa mgongo wake, moja moja, bila haraka, upande wa kulia mpaka mwisho, kisha upande wa kushoto. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Baridi," akasema. "Zote baridi. Tuko gatini."

Kisha akakitoa kidole, akakinusa.

"Hakuna mafuta. Nani alifanya zamu hapa?"

Nilitoka mbio kama mtoto aliyetumwa, nikavuka barabara mpaka mlangoni pa chumba changu cha kazi, kwa mama Mkongo, nikasimama mbele ya cherehani yake nikihema.

"Mama, naomba mafuta ya mashine. Kidogo tu. Ya meli."

Hakuuliza. Alinipa kichupa kizima. "Kamata, papa. Umusalimie muzee."

Nilimwekea baba kichupa mkononi. Alipapasa mdomo wa kichupa, akaupeleka chini, akatia tone moja kwa kila beringi, zote kumi na mbili, bila kukosa hata moja. Aliponusa tena vidole, bega lake lilishuka, uso ukalegea, na chumba chetu kikanuka utoto wangu wote.

"Sasa iko kazini," akasema.

Akanyoosha mkono, akatafuta kitambaa, hakukipata. Akalipata shati langu. Alijipangusa vidole kimoja kimoja huku akicheka, nami nilimsogezea na upande wa pili. Nililia kama zamani, ila safari hii sikuomba shati jingine.