Nilimwazima Dada Kadi Yangu ya Bima

Kosa ni langu, jamani. Sitamsingizia mtu. Jina langu sitalitaja kwa sababu bado naogopa: naogopa polisi, naogopa watu wa bima, hata simu yangu mwenyewe ikilia moyo unanipiga paa!

Mimi kwetu ni Kaloleni, lakini kazi niliipata Malindi, kwenye duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi. Tajiri wetu ni muungwana. Sisi wafanyakazi wote alitukatia bima ya matibabu, kila mtu na kadi yake yenye picha na jina. Ilikuwa kadi yangu ya kwanza maishani. Nilikuwa nikiitoa pochini naitazama tu, najiona mtu mzima.

Sasa sikiliza. Mama mdogo, ndugu yake mama yangu, ndiye aliyenilea na kunisomesha kwa kusuka makuti. Mimi na binti yake Kadzo tumekula sahani moja, na kwa sura watu hutuchanganya. Siku moja mama mdogo akanipigia analia. Kadzo tumbo linamkata, upande wa kulia huku chini, hawezi hata kunyooka.

"Leta ile kadi yako," akaniambia.

"Mama, kadi ile ni yangu mimi peke yangu. Ina jina langu."

"Ya peke yako? Na makuti yale niliyosuka mpaka vidole vikachubuka, yalikuwa ya nani?"

Ningejibu nini? Hebu wewe niambie, ungejibu nini?

Nikamfuata Kadzo, nikampeleka hospitali ya kibinafsi ya Malindi iliyokuwa ikipokea kadi ile. Njiani nikamfundisha jina langu na tarehe yangu ya kuzaliwa. Wakati ule hawakutaka alama za vidole, waliangalia picha tu. Akapokelewa kama mimi, akapasuliwa kama mimi, akatolewa kidole tumbo, kile kijinyama cha utumbo kinachovimba hata kikaweza kupasuka. Akapona. Mama mdogo akaniletea kuku mzima wa kienyeji, na mimi nikajiona nimefanya la maana. Sikufikiri kwamba kwa hospitali ile, aliyetolewa kidole tumbo ni mimi!

Mwaka haukuisha. Nikiwa dukani nakata kitambaa, maumivu yakanianza kitovuni, yakashuka kulia. Nikatapika. Nikajiambia, haya si yale yale ya Kadzo? Nikaenda hospitali ile ile, maana ndiko kadi yangu ilikokubaliwa.

Daktari kijana akafungua kompyuta, akanibonyeza tumbo juu ya dera. Nikapiga ukelele.

"Ungekuwa mtu mwingine ningesema ni kidole tumbo," akasema. "Lakini wewe ushatolewa, tena hapa hapa. Kovu halikusumbui?"

Yarabi toba! Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulikuwa wangu, na daktari yuko mbele yangu. Lakini nikaona pingu. Nikamwona tajiri ananifukuza, nikamwona mama mdogo kituo cha polisi. Nikajibu, "La, halinisumbui."

Akaniandikia dawa za vidonda vya tumbo. Nikarudi nyumbani na kifo changu tumboni, na mimi peke yangu ndiye niliyejua ni ugonjwa gani!

Mbona sikwenda hospitali ya serikali nikaanza upya? Sijui. Woga ulinitoa akili. Nililala nimekunja magoti, najidanganya kwamba dawa zitafanya kazi. Kesho yake maumivu yakakatika ghafla. Nikacheka peke yangu, nikajua nimepona, nikaenda kazini. Kumbe kimepasuka! Alasiri homa ikanipanda, tumbo likawa gumu kama ubao, nikaanguka nyuma ya kaunta.

Tajiri mwenyewe alinikimbiza hospitali ile ile kwa gari lake, mkewe amenipakata. Safari hii nilipokelewa na daktari mwanamke, mtu mzima. Naye akasoma kompyuta, kisha akalipandisha dera langu. Akatazama. Akatazama tena.

"Kovu liko wapi?"

Nikalivuta dera chini.

"Binti, kovu la upasuaji liko wapi? Nijibu. Mimi nina muda mchache, na wewe huna kabisa."

Tajiri na mkewe walikuwa pale pale. Mkewe amenishika mkono.

"Si mimi," nikasema.

"Si wewe nini?"

"Aliyepasuliwa si mimi. Ni dada yangu. Nihurumieni, msiniache nife!"

Mke wa tajiri akauachia mkono wangu.

Nikapasuliwa, nikasafishwa usaha, nikalala wodini mpaka nikasahau siku. Tajiri alikuja kunitazama mara moja. Alisimama mlangoni, hakukaa.

"Ungeniambia dada yako anaumwa," akasema, "mimi ningekukatalia?"

Nililia mpaka mshono ukaniuma.

Kazi nikaipoteza. Watu wa bima wakakataa kunilipia, na mama mdogo ikambidi aweke rehani minazi yake ili niruhusiwe kutoka. Kadzo hanisemeshi, eti nimemtaja. Na wale wa bima wameniambia faili langu hawajalifunga. Wanangoja nini, sijui, na kuuliza naogopa.

Lakini lililonimaliza ni jingine. Kampuni ya bima ilikataa kuendelea na duka zima. Wote wakabaki bila kadi! Juzi nilikutana sokoni na fundi wetu wa mapazia, mzee wa watu, mgonjwa wa presha. Nilitaka kujificha, akawa kishaniona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umepona?"

Nikamuuliza hali yake. Hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba tembe zake za presha siku hizi anazikata katikati, anameza nusu leo na nusu kesho, zimfikishe mwisho wa mwezi.

Tangu siku hiyo nikiona namba ya mtu wa duka kwenye simu, siwezi kupokea. Naogopa nitaambiwa ameanguka. Na akianguka, yuko shingoni mwangu.

Wewe kijana uliyepewa kadi ya bima juzi kazini, nisikilize. Ndugu watakuja, na watakuja wakiwa wanaumwa kweli, hapo ndipo penye ugumu. Mchangie, msindikize hospitali, mlilie tajiri wako, kopa, kaanga mahamri uuze, lakini kadi usitoe! Na kama ulishatoa, nenda ukaseme leo, ungali mzima, usingoje kulazwa kitandani kama mimi. Ndugu watakuita mwenye roho mbaya. Itika.