Kiti cha Mbele

Nyumba ya kwanza ya vigae kijijini kwetu Nyangamara ni yangu, na sikurithi hata tofali. Niliondoka nikiwa mbeba magunia ya korosho. Nilirudi kutoka Muscat na gari, na stashahada ya usimamizi wa miradi niliyoisomea baada ya kazi za ghala. Nayataja haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu tamasha la kumkumbuka baba lilipangwa na mtu anayejua kupanga.

Baba alikuwa mkulima, lakini watu walimjua kwa urefa. Alichezesha mechi za vijiji mpaka goti la kushoto likagoma, na hata hapo aliendelea, akiburuza mguu, amevaa koti lake la kahawia kwenye jua kali. Alipofariki nilikuwa Muscat. Kwetu maiti haimngojei mwenye kutafuta tiketi. Alizikwa alasiri ileile, nami nikaoneshwa kaburi kwenye simu.

Niliporudi nikaamua kuandaa kombe la jina lake. Nikaitisha kikao cha wadau, na sijaona ofisi yoyote huku kwetu ikiandaa kikao kama kile. Walikuja viongozi wa kijiji, imamu, katekista, makocha, mama lishe na bodaboda. Imamu aliomba mpira usigongane na sala ya alasiri, tukausogeza. Mama lishe walitaka kivuli, wakapata.

Mwisho akasimama mama mmoja wa ukoo wa watani wetu.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba inaliwa? Umetoka kwa Waarabu na tumbo, tende hukuleta!" Kikao kikaangua kicheko. "Baba yako, mwizi wa penalti, tulimzika sisi, maana fisi walimkataa. Sasa wewe kichwa boga, watani tumo wapi kwenye ratiba yako?"

"Mnataka nini?"

"Kabla ya mpira, nipe uwanja kidogo. Na lile koti lake."

"Mama, ratiba imejaa. Mgeni rasmi hawezi kungojea mizaha. Nitakuwekea kiti cha mbele, jukwaani."

Alinitazama.

"Haya, mwanangu. Asante sana."

Akaketi. Nilidhani nimemheshimu. Nikafunga kikao nikitangaza kwamba wadau wote wameridhia.

Tamasha lilifana, hilo hakuna wa kunipinga. Mpaka leo vijana wa Lindi mjini wananiuliza lini tena. Yule mama alikaa kiti cha mbele na kanga mpya, akapiga makofi pamoja na wageni.

Wakati wa mapumziko dada yangu alinivuta pembeni.

"Kaka, mbona umemnyima?"

"Nimemnyima nani?"

"Mtani wetu. Siku ya mazishi alivaa koti la baba, akaja katikati ya watu anaburuza mguu, anapuliza filimbi ambayo hana, anawapa waombolezaji kadi nyekundu. Sauti ya baba ileile! Tulikuwa tunalia, tukajikuta tunacheka. Leo alitaka kukufanyia wewe. Sisi wengine tulishamwona."

Kipindi cha pili kikaanza. Mabao yaliyofungwa siyakumbuki.

Siku chache baadaye nilikwenda kwake na sukari, na koti mkononi. Alinifutia kiti kwa upindo wa kanga.

"Karibu, bosi. Nyumbani hawajambo?"

Nikajaribu njia pekee niliyobaki nayo. "Nimekuja kuwachukua kuku wetu mliowaiba."

Alitabasamu kwa adabu, kama mwenye duka anavyomtabasamia mteja asiyemjua. "Karibu chai."

Basi nikamwomba waziwazi, mimi ambaye siku hizi naombwa tu. Nikamwambia sikumzika baba. Nikamwambia sauti yake inanipotea, kwamba nalikumbuka koti kuliko mtu aliyelivaa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akalichukua koti, akalipangusa vumbi, akalikunja taratibu na kunirudishia mapajani.

"Siku ile ningeweza," akasema.

Hajanitukana tangu hapo. Dada yangu akipita kwake huitwa kila jina baya lililopo, na hurudi nyumbani ameshika mbavu. Mimi nikipita, yule mama hukatiza maneno yake, huinuka, na kunipa kiti.