Vidonge Vilivyofunga Kwaresima

Beletu hakuwa mtu wa kelele, lakini siku hiyo mtaa mzima mjini Dessie ulimsikia. Miaka ishirini na tisa alikuwa mke wa Shibeshi mfumaji, mwanamume mbishi kupita kiasi, na kwa miaka tisa ya mwisho alimlea pamoja na presha yake: kumpunguzia chumvi kwenye mchuzi wa shiro, kumpeleka kliniki, kumsubiri kwenye benchi mpaka miguu ife ganzi.

Asubuhi hiyo daktari alikunja uso. Nguvu ya figo za Shibeshi ilikuwa imeshuka tena. Tangu zamani alikuwa amepewa vidonge vya presha, na vingine vya kupunguza mafuta kwenye damu, ili mishipa isizidi kuharibika, hata ile midogo ya kwenye figo.

“Unavimeza vyote, baba?”

“Vyote,” Shibeshi alijibu, macho sakafuni.

Beletu aliporudi nyumbani akafagia chini ya mtambo wa kufumia, akavikuta vidonge. Vya presha vilikuwa vimepungua. Vya mafuta havikuguswa tangu Kwaresima ianze, wiki tano nzima.

“Shibeshi! Hivi ni nini?”

“Mke wangu, hebu tumia akili. Nyama sili, siagi sili, yai nalisikia kwa jirani. Hayo mafuta yatoke wapi? Kidonge kikae tumboni kikipiga miayo?”

“Si daktari alikwambia ini lenyewe linatengeneza mafuta?”

“Basi na ini nalo limefunga.”

Beletu alitamani kumtupia ufagio. Mashine ya kusafishia damu aliijua: ilimmaliza shemeji yake huko Addis Ababa, mara tatu kwa wiki, mbali na nyumbani. Na huyu hapa anafanya mzaha! Akajitanda shuka lake jeupe, akatoka kumfuata Abba Wolde, padri anayewaungamisha. Shibeshi hakumtii mtu mwingine duniani.

Abba alifika kabla ya saa tisa, saa ya kufungua mfungo wa siku. Akaketi, akasikiliza mpaka mwisho.

“Binti yangu,” alisema, “mumeo aliniuliza habari ya vidonge hivyo wakati wa kuungama. Nikamwambia aviache.”

“Abba! Wewe?”

“Na mimi nimepewa hivyo hivyo. Nimeviacha tangu siku ya kwanza. Nilidhani mfungo unatosha.”

Beletu alikwenda kuomba msaada, kumbe kamleta mgonjwa wa pili! Hasira zikampanda hadi machozi yakamtoka. Akamimina maji kwenye vikombe viwili, akavibamiza mezani.

“Mezeni.”

“Saa tisa bado,” Shibeshi alinong’ona.

“Mgonjwa kanisa limemruhusu. Nani alitufundisha hivyo, Abba? Si wewe?”

Padri aliinamisha kichwa. Akachukua kidonge cha Shibeshi, akameza, na Shibeshi akafuata, kama mtoto aliyekanywa.

“Jumapili nitatangaza kanisani,” Abba alisema. “Nimewaambia wengi.”

“Wangapi?”

Beletu alisimama na kikombe mkononi, akiwahesabu kichwani majirani wenye presha wanaoungama kwake, na leo ilikuwa Jumatatu tu. Akajitanda tena shuka lake.

“Inuka, Abba,” alisema. “Tunaanza na nyumba ya pili.”